Usiulize bei ya hema tu, uliza na vigingi

Mazungumzo ya mafundi wa mahema wa Mchafukoge, Dar es Salaam, kwa wanakikundi wa kijiji waliokuja mjini kununua turubai la shughuli

  

Tumeambiwa kuwa mmechanga fedha kidogo kidogo mpaka zimetosha. Mnataka kununua turubai la kijiji. Litumike kwenye harusi, kwenye msiba na kwenye mikutano. Tumeambiwa pia kuwa wengi wenu mmehitimu kisomo, mnasoma na kuandika. Tumefurahi sana. Maneno ya leo si ya kusikia na kuyaacha hapa. Ni ya kuandika daftarini na kurudi nayo nyumbani.

Sisi ni mafundi wa mahema. Kazi yetu ni kufunga na kufungua. Watu wakituona na mkokoteni wetu husema, "Hao watu wa maturubai wanapita." Lakini sisi wenyewe tunajua kuwa turubai ni nguo tu. Linalolisimamisha turubai ni vigingi, kamba, nguzo na pete. Hivyo vitu vidogo ndivyo tutakavyovizungumza leo.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze na kosa letu, maana anayeficha maradhi kifo humuumbua.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Julai, tuliitwa kufunga hema kwenye msiba, kijiji kimoja cha pwani. Turubai letu lilikuwa jipya, zuri, la mita 4 kwa mita 6. Nguzo zilikuwa za bomba. Lakini vigingi vilikuwa vifupi, sentimita 25 tu, vya chuma chembamba. Vile virefu tulivisahau mjini. Tulisema, "Aa, ni siku moja tu, vitatosha." Tukavipigilia kwenye mchanga.

Asubuhi kulikuwa shwari. Mwendo wa saa nane mchana upepo wa kusi ukaanza kuvuma kutoka baharini. Kigingi cha kwanza kikang'oka. Kamba yake ilipolegea, turubai likaanza kupiga kama tanga la jahazi. Kigingi cha pili kikafuata, kisha cha tatu. Nguzo moja ikaruka juu, ikaangukia pale walipokaa kina mama. Mama mmoja alivunjika mkono.

Tulimpeleka hospitali. Mkono ulipona, lakini haukunyooka tena. Tunakwenda kumjulia hali kila tunapopita upande ule. Hajawahi kutulaumu hata siku moja. Sisi ndio tunaojilaumu. Vigingi virefu vilikuwapo, na uvivu wa kurudi kuvichukua ndio uliomvunja mkono.

Ndiyo maana leo hatutaki mwende dukani kabla hatujasema nanyi.

HAPA PALIKUWA PA MAHEMA TANGU ZAMANI

Mchafukoge iko jirani na Kariakoo. Jina la Kariakoo lenyewe lina habari ya mahema. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Jeshi lao lilikuwa na kikosi cha wapagazi, na jina la kikosi hicho kwa Kiingereza ndilo wenyeji walilolitamka "Kariakoo". Wapagazi waliweka kambi yao pale, na jina likabaki mpaka leo.

Wapagazi wale walibeba risasi, chakula na mahema ya wakubwa kwa vichwa na mabega. Maelfu mengi walikufa, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mkipita katikati ya mji mtaiona sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka wapagazi pia. Mnaojua kusoma, simameni pale mkasome. Kiswahili kipo.

Soko kubwa la Kariakoo lilijengwa miaka ya 1970 kwa mchoro wa Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli. Paa lake ni kama miavuli mikubwa ya zege. Miavuli ile haihitaji kamba wala kigingi. Mwavuli wenu wa turubai unavihitaji.

UPEPO UNA NGUVU GANI?

Watu wa pwani tunazijua pepo zetu. Kaskazi huvuma miezi ya Desemba mpaka Machi. Kusi huvuma baada ya masika mpaka mwezi wa Septemba hivi, na Juni na Julai ndiyo hukaza zaidi. Tena karibu na bahari upepo wa mchana una nguvu kuliko wa asubuhi. Kwa hiyo fundi anayefunga hema asubuhi na kusema "leo shwari" anajidanganya, kama tulivyojidanganya sisi.

Wenye redio mmesikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Je, upepo huo una uzito gani? Chukueni kalamu tupige hesabu.

Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukipiga turubai moja kwa moja, husukuma kama kilo 8 kwa kila mita moja ya mraba. Turubai la mita 4 kwa mita 6 ni mita za mraba 24. Basi 24 mara 8 ni kilo 192. Hiyo ni karibu mifuko 4 ya simenti.

Sasa mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, ukawa kilomita 80 kwa saa, je, nguvu inaongezeka mara mbili? Wapi! Inaongezeka mara nne. Kilo 8 zinakuwa kilo 32. Na 24 mara 32 ni kilo 768. Hiyo ni zaidi ya mifuko 15 ya simenti inayovuta kamba zenu.

Msiseme upepo kama huo haufiki kwetu. Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024. Kimbunga kikitangazwa, hakuna hema. Kunjeni turubai, watu waingie kwenye nyumba imara. Lakini upepo wa kawaida wa kusi tunaweza kujiandaa nao.

KIFAA KIMOJA KIKISHINDWA

Upepo hufanya mambo matatu. Unasukuma. Unanyanyua. Unatikisa. Kutikisa ndiko kubaya zaidi, maana hulegeza fundo na kung'oa kigingi polepole huku watu wakila pilau. Kifaa kimoja kikishindwa, mzigo wake unahamia kwa jirani yake, naye analemewa. Basi tuvitazame kimoja kimoja.

Kwanza, vigingi. Vigingi vinavyofungashwa pamoja na hema mara nyingi ni vifupi na vyembamba. Ukikipinda kigingi kwa mikono miwili kikapinda, kirudishe. Sisi siku hizi tunatumia nondo ya milimita 12. Nondo moja ina urefu wa mita 12. Ukiikata vipande vya sentimita 60 unapata vigingi 20. Fundi wa kuchomelea atakukunjia kichwa kama kulabu ili kamba isichomoke. Kichwa kikunjwe vizuri, kisichome mguu wa mtoto anayekimbia.

Kigingi hakipigiliwi wima. Kiinamishwe: kichwa kiangalie nje, ncha ielekee upande wa hema. Ukikipigilia wima, kamba itakilaza na kukitoa. Kisha kijaribu. Shika kamba, vuta kwa nguvu zako zote. Kama mtu mmoja anaweza kukitoa, upepo hautashindwa.

Kwenye mchanga mtupu hata sentimita 60 hazitoshi siku ya upepo. Pana njia mbili. Njia ya kwanza: pigilia vigingi viwili, kimoja nyuma ya kingine, ukafunge kichwa cha kigingi cha mbele kwenye shina la kile cha nyuma. Njia ya pili: chimba shimo la kufika magotini, chukua kiroba, kijaze mchanga, kifunge kamba kwa msalaba, kizike, na ushindilie udongo juu. Kamba itokee nje kuelekea hema. Kiroba kilichozikwa ni kigumu kung'oka kuliko kigingi kizuri.

Hapa mjini kwenye lami hatuwezi kupigilia. Wenzetu wengi hutumia ndoo za zege. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege ina kama kilo 48. Ndoo 4 ni kilo 192. Kumbukeni ile hesabu yetu: ni sawasawa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, hakibaki cha akiba. Kwa hiyo ukiona hema kubwa limefungwa kwenye ndoo nne tu, usikae chini yake siku ya kusi.

Pili, kamba. Kamba ya katani ni nzuri, na katani ni zao letu tangu lilipoletwa Tanga mwaka 1893. Lakini kamba ya katani ikilowa hukaza. Mvua ikianza, ilegeze kidogo, la sivyo itang'oa kigingi au kupasua turubai. Ikikaa na maji siku nyingi inaoza. Kamba ya nailoni haiozi, lakini inavutika. Ukiifunga asubuhi, saa moja baadaye irudie uikaze. Zile kamba za plastiki za rangi rangi zinaliwa na jua. Isugue kwa vidole. Ikitoa vumbi na nyuzi nyuzi, hiyo imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Urefu wa kamba pia ni jambo. Kama nguzo ina mita 2, kigingi kikae mita 2 au zaidi kutoka kwenye nguzo. Kigingi kikiwa karibu sana, kamba inavuta kwenda juu, na kigingi kinatoka kama karoti. Tena funga vitambaa vyeupe kwenye kamba, watu wasijikwae usiku.

Tatu, pete. Pete ni yale matundu ya chuma pembeni mwa turubai. Hapo ndipo upepo wote unapokutana na nguo. Tazama pete imewekwa wapi. Ikiwa kwenye kitambaa kimoja tu, itachomoka. Ikiwa kwenye upindo uliokunjwa, ukashonwa, na wenye kamba ndani yake, hiyo ni nzuri.

Na pete ikichomoka katikati ya shughuli? Msihangaike. Okota kijiwe laini cha duara, kiasi cha yai la njiwa. Kiweke nyuma ya turubai, kifunike kwa nguo ya turubai lenyewe, kisha ufunge kamba shingoni mwake, kama unavyofunga mfuko. Hapo kamba haitoki wala turubai halichaniki.

Nne, nguzo na maungio. Nguzo za bomba nyingi huungwa kwa vipande. Nguzo ikivunjika, mara nyingi huvunjika kwenye maungio. Tazama mahali palipochomelewa. Je, chuma kimeshikana pande zote, au kimegusishwa tu sehemu mbili tatu na kupakwa rangi? Rangi huficha mengi. Chungulia ndani ya bomba uone kutu. Pima unene wa ukingo wa bomba kwa rula yako: bomba la milimita 2 ni afadhali sana kuliko la milimita 1. Kila ungio liwe na pini au boliti inayopita pande zote mbili, ili upepo ukinyanyua hema, nguzo isichomoke.

Tano, turubai lenyewe. Kwenye karatasi ya turubai mara nyingi utaona namba na herufi GSM. Maana yake ni gramu kwa kila mita moja ya mraba. Ikiandikwa 200, basi kila mita ya mraba ina gramu 200. Turubai la mita za mraba 24 litakuwa na gramu 4,800, yaani kilo 4 na gramu 800. Sasa mwombe mwenye duka mzani. Likiwa na kilo 3 tu, karatasi inasema uongo. Hapo ndipo utajua faida ya kisomo. Asiyesoma anauziwa rangi ya turubai. Anayesoma anauziwa turubai.

MKIINGIA DUKANI

Nendeni watatu au wanne, siyo mmoja. Mmoja ashike fedha, mmoja ashike daftari, mmoja ashike futi ya kupimia. Msiogope kuuliza. Hapa kwetu maduka ni mengi, na mwenye duka anayekataa kufunguliwa mfuko wake ana sababu yake.

Fungueni mfuko mbele ya muuzaji. Hesabuni vigingi, kamba, nguzo, pini. Andikeni. Daini risiti, yaandikwe kwenye risiti yale mliyonunua. Halafu msimalize fedha zote kwenye turubai. Wengi hununua turubai kubwa kwa fedha yote, vigingi wanasema "tutaona huko huko". Sisi tunawaambia: afadhali turubai dogo lenye vigingi vizuri kuliko kubwa lisilo na kitu. Dogo mtakaa chini yake. Kubwa mtalikimbiza shambani.

SIKU YA SHUGHULI

Chagueni watu wawili wa kuangalia hema. Kazi yao siku hiyo ni hiyo tu, wasipewe kupakua chakula. Wazunguke kila saa moja, wagonge vigingi, wakaze kamba. Upande mfupi wa hema uelekee unakotoka upepo. Msizibe pande zote kwa mashuka, maana upepo ukiingia ndani na usipate pa kutokea, utanyanyua hema lote. Majiko ya kupikia yakae mbali na turubai.

Upepo ukizidi, msishike nguzo kwa mikono. Mtu hashindani na mifuko 15 ya simenti. Toeni watu kwanza, watoto na wazee mbele. Kisha ndiyo mteremshe turubai, mkianzia upande unakotoka upepo, ili lisijae kama tanga. Na radi ikianza, tokeni mapema. Nguzo za chuma mahali pa wazi si pa kujikinga radi.

Shughuli ikiisha, anikeni turubai likauke kabisa kabla ya kulikunja. Turubai lililokunjwa bichi huota ukungu. Futeni vigingi udongo, vipakeni mafuta kidogo visishike kutu. Hesabuni tena kwa daftari. Kigingi kimoja kikipotea, kiandikwe na kinunuliwe kabla ya shughuli nyingine, siyo siku ya shughuli.

MANENO YA MWISHO

Mzee mmoja kati yenu alituuliza kabla hatujaanza: "Hivi ninyi mnaokodisha mahema, mkitufundisha haya yote, si tutaacha kuja kukodi kwenu?" Tulicheka. Kweli, huenda mtaacha. Lakini, mzee wetu, tulikwisha kuona mama akibebwa kutoka chini ya hema letu siku aliyokuja kuwafariji wenzake. Mteja mmoja akipungua tutaishi. Mkono wa mtu hatuna pa kuununua.

Basi nendeni sokoni, mkachague vizuri. Tukirudi kwenye hesabu zetu za leo, kila mtu aandike moja tu ya kuanzia: kigingi sentimita 60, kimeinama, kimejaribiwa kwa kuvutwa. Mengine mtayaongeza.

 Safari njema, na shughuli zenu ziwe za heri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Turubai la kijiji chenu lina mita ngapi za mraba? Upepo wa kilomita 40 kwa saa utalisukuma kwa kilo ngapi?

2. Udongo wa uwanja wenu wa shughuli ni wa namna gani: mchanga, mfinyanzi au kichanga? Je, mtatumia vigingi au viroba vya kuzika?

3. Nani katika kikundi atatunza daftari la vifaa vya hema? Nani wataliangalia hema siku ya shughuli ijayo?